Neno Dogo Lililobaki Mwisho

Nikiwa kidato cha pili niliandika kwenye insha kuhusu kazi aliyoiacha baba: "the job which my father gave up". Mwalimu akalizungushia "up" wino mwekundu. Pembeni akaandika kwamba sentensi ya Kiingereza haimalizwi na kihusishi, akanisahihishia: "the job up which my father gave". Nikakatwa alama mbili na kunakili sahihisho hilo mara kumi. Ilinichukua miaka kugundua kwamba nilikuwa nimenakili upuuzi.

Kanuni yenyewe hakuitunga yeye. Mwaka 1672 mshairi John Dryden alimkosoa Ben Jonson, marehemu wa miaka mingi, kwa kuacha vihusishi mwishoni mwa sentensi, kisha akarudi kuyasafisha hata maandishi yake mwenyewe. Wasomi wa enzi zile walikienzi Kilatini, ambacho hakiachi kihusishi kikining'inia. Robert Lowth, katika sarufi yake ya 1762, alisema tu kwamba kukitanguliza kunapendeza zaidi. Waliomfuata wakaligeuza pendekezo kuwa amri. Kufikia 1926, Fowler alikuwa ameshaiita amri hiyo ushirikina. Sisi tuliendelea kukatwa alama.

Tena hata kwa amri hiyo, mwalimu alikosea. "Up" ya "gave up" si kihusishi. Ni nusu ya kitenzi. "Gave" peke yake ni alitoa, "gave up" ni aliacha. Wakati uliopita unakaa kwenye neno la kwanza tu, la pili halibadiliki: "give up", "gave up", "given up". Ukilirusha hilo la pili mbele ya "which", umekipasua kitenzi. "The knife with which I cut the meat" inakubalika kwa sababu "with" ni kihusishi kweli. Kuna kipimo rahisi: tunasema "he gave it up", "it" inaingia katikati. Kwa "with" huwezi.

Ninachokipigania hasa si hicho. Tazama Kiswahili kinavyofanya kazi ileile. "Aliyoiacha": "-li-" ni wakati, "-yo-" ni kirejeshi, "-i-" ni kazi yenyewe inayotajwa tena. Ndiyo maana nusu ya darasa letu iliandika "the job which he gave it up". Ile "it" ni "-i-" yetu. Sema "kisu nilichokatia nyama": ile "-i-" ya kutendea, ndani ya "katia", imebeba kazi yote ya "with". Ndiyo maana tuliandika "the knife which I cut the meat" na "with" ikapotea. Huyo si mtoto mjinga. Ni mtoto anayeijua sarufi ya lugha yake barabara, ila hajaonyeshwa mahali lugha hizi mbili zinapoachana.

Kumwonyesha kungechukua dakika tano ubaoni. Lakini mlangoni kulikuwa na kibao cha kukataza Kiswahili, na aliyekiuka alifagia uwanja. Tulitoka shule ya msingi tuliyosoma kwa Kiswahili miaka saba, tukaingia sekondari inayofundisha kwa Kiingereza, na siku ya kwanza tukaambiwa tuiache nje lugha pekee tuliyoweza kufikiria nayo. Watetezi wa kibao wanasema watoto watachanganya lugha. Wanachanganya tayari! Wanachanganya kimyakimya, bila mtu wa kuwaambia wanachochanganya, halafu tunawaita wazito. Ondoeni vibao hivyo. Mwalimu wa Kiingereza anayekijua Kiswahili ana kifaa ambacho mgeni kutoka London hana, na sisi tumemfunga mikono.

Mwezi uliopita binamu yangu, naye kidato cha pili, aliniletea daftari. "The bag which I looked for it", imekatwa kwa wino mwekundu bila maelezo. Nikamwandikia juu ya ukurasa "begi nililolitafuta", nikapigia mstari "-li-" ya pili, ile iliyo mbele ya "-tafuta". Akaitazama, akacheka, akaifuta "it" mwenyewe.

"For inabaki?"

"Inabaki, hapo hapo mwisho."

Kisha akaukata kwa rula ule ukingo wenye Kiswahili, asije mwalimu akauona.