Wati 15 zinanitosha kabisa

Mimi nimenunua amplifaya yangu ya valvu wiki iliyopita, Vox AC15, na tangu siku hiyo silali mapema! Miaka 12 nimepiga gitaa la solo kwenye amplifaya za transista, nyingi za kuazima, na sauti ilikuwa kavu, haina nyama. Hii ni habari nyingine. Unawasha, unasubiri kidogo valvu zipate moto, na ukichungulia kwa nyuma unaziona zile EL84 mbili zinawaka rangi ya chungwa kama makaa. Kisha unagusa nyuzi. Ukipiga taratibu, noti inatoka safi kama kengele. Ukikaza mkono inaanza kukwaruza, na ukipunguza sauti kwenye gitaa lenyewe inatulia tena. Mkono wako ndio unaoamua.

Wanaosema wati 15 ni kidogo hawajaisikia. Sebuleni sifiki hata robo. Juzi nilikuwa napiga sebene, mke wangu akaja kusimama mlangoni: "Baba Neema, umebadilisha gitaa?" Gitaa ni lile lile!

Wenzangu, kabla ya kulipa angalieni volti. Zilizotengenezwa kwa soko la Marekani ni za volti 120, na umeme wetu Tanzania ni 230. Ukichomeka hivi hivi umeiunguza. Na msiwashe kamwe kabla spika haijaunganishwa, transfoma inaweza kufa. Jumamosi naipeleka mazoezini, bendi nzima inaisubiri.