MOTOKAA NDOGO YA MBIO: MPYA YA KUNGOJEWA, AU ILIYOKWISHA TUMIKA?

Ndugu Wanachama,

Maneno ya motokaa siku hizi hayaishi katika ofisi zetu. Karani kijana akiisha kuthibitishwa kazini, na jina lake likiisha kuandikwa katika chama cha akiba na mikopo, jambo analolifikiri kwanza si mabati ya nyumba wala ng'ombe wa maziwa, bali ni motokaa. Wala si motokaa yo yote, ila ile ndogo ya mbio, yenye mlango wa nyuma unaoinuka juu pamoja na kioo chake, na injini yenye nguvu kupita umbo lake. Hatumlaumu. Mtu atumikaye kwa uaminifu ana haki ya kupenda kitu kizuri. Walakini kupenda ni jambo moja na kununua ni jambo la pili, nasi twaona yafaa tuseme maneno machache juu ya swali linalowasumbua wengi: je, ni afadhali kuagiza mpya na kungoja zamu, ama kununua iliyokwisha tumika na kuipata mapema?

Kwanza tuwatendee haki wanaozipenda motokaa hizi. Wako wazee wasemao kwamba ni michezo ya watoto wa matajiri. Sivyo. Asili yake ni kinyume cha hayo. Volkswagen Golf GTI ilipotoka mwaka 1976 katika Ujerumani, wenye kiwanda walikusudia kuunda 5,000 tu, maana hawakuamini kwamba watu wengi wataitaka. Kumbe waliotaka walikuwa wengi mara nyingi kupita hesabu hiyo. Sababu yake ni nyepesi. Mtu wa kipato cha kadiri hawezi kuwa na motokaa mbili, moja ya kazi na moja ya furaha. Hapa alipata zote mbili kwa pamoja: siku ya kazi yachukua watoto na gunia la mchele, na siku ya mapumziko yapanda mlima bila kulalamika. Baada yake zikaja nyingine, kama Peugeot 205 GTI ya Ufaransa mwaka 1984, na Honda Civic Type R ya Japani mwaka 1997. Katika miaka ya karibu, Suzuki walitoa Swift Sport ya mwaka 2017, yenye injini ya lita 1.4 na nguvu za farasi 140, na uzito wa kilo 970 tu; na Toyota walitoa GR Yaris ya mwaka 2020, yenye silinda tatu na magurudumu yote manne yanayosukuma. Basi karani apendaye motokaa ya namna hii hapendi upuuzi. Apenda kitu kilichoundwa kwa mtu mwenye mfuko kama wake.

Sasa tuje kwenye kungoja. Wengi hudhani kwamba motokaa mpya huchelewa kwa uvivu wa wakala, au kwa sababu hawakupewa heshima yao. Mara nyingine ni kweli. Lakini sababu kubwa ziko mbali na dirisha la wakala. Ugonjwa wa Korona ulipoenea mwaka 2020, viwanda vya motokaa vilifungwa, na wenye viwanda wakaondoa maagizo yao ya vile vipande vidogo vya umeme viendeshavyo akili za motokaa. Waundao vipande hivyo wakawauzia watengenezaji wa kompyuta na simu. Watu waliporudi kutaka motokaa, wenye viwanda walijikuta mwisho wa mstari, na mwaka 2021 ulipita motokaa nyingi zikingoja kipande kimoja tu. Mwezi wa Machi mwaka huohuo meli Ever Given ilikwama katika mfereji wa Suez siku sita, na meli nyingine zikasimama nyuma yake. Mwezi wa Februari 2022 vita vya Ukraine viliharibu kazi ya nyaya za umeme zilizokuwa zikitengenezwa huko kwa viwanda vya Ulaya. Na katika mwezi uo huo meli Felicity Ace, iliyochukua motokaa karibu 4,000 za kundi la Volkswagen, ilishika moto karibu na visiwa vya Azores, kisha ikazama. Watu waliokuwa wamengoja miezi mingi waliambiwa kwamba motokaa zao zimo chini ya bahari. Tena tangu mwisho wa mwaka 2023, kwa hatari ya Bahari ya Sham, kampuni nyingi za meli zilianza kuacha njia ya Suez na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema.

Katika uhaba kama huo, mwenye kiwanda hufanya kama mwenye duka ye yote: vipande vichache alivyo navyo huvitia katika motokaa zenye faida kubwa zaidi. Motokaa ndogo ya mbio huundwa kwa hesabu ndogo, na faida yake si kubwa. Kwa hiyo aghalabu ndiyo ingojayo. Hata uhaba ukiisha, hesabu ndogo hubaki kuwa hesabu ndogo. Yafaa mwanachama ajue kwamba atakapoagiza mpya, anaagiza kitu ambacho hakuna mtu wa hapa nchini awezaye kumwapia siku ya kufika kwake.

Pamoja na hayo, mpya ina sifa zake, wala hatutaki kuzificha. Mwenye motokaa mpya ndiye mtu wa kwanza kuiwasha. Ajua kila kilomita iliyokwenda, na kila tone la mafuta lililotiwa. Ina dhamana ya kiwanda. Lakini dhamana ni karatasi, na karatasi hufaa pale penye mtu wa kuitimiza. Motokaa iliyoletwa na mtu binafsi kutoka nchi nyingine, hata ikiwa mpya kabisa, haina budi kuulizwa swali hili kabla ya kulipwa senti moja: je, wakala wa hapa ataitambua, na vipuri vyake anavyo? Jibu la mdomo lisikubaliwe. Sisi watumishi wa Serikali twajua kuliko watu wote kwamba neno lisiloandikwa katika jalada halikusemwa. Tena motokaa mpya hupoteza thamani upesi zaidi katika miaka yake ya kwanza, na hasara hiyo humwangukia mwenye kuinunua kwanza.

Iliyokwisha tumika nayo tuitazame kwa macho mawili. Bahati yetu ni kwamba Japani huendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, na usukani wao uko kulia. Tena sheria yao huitaka motokaa ipimwe miaka mitatu baada ya kuandikishwa mara ya kwanza, na baada ya hapo kila miaka miwili, na kupima huko kuna gharama. Ndiyo moja ya sababu watu wa huko huuza motokaa ambazo bado ni nzima. Katika minada yao kila motokaa huandikiwa karatasi ya hali yake, kwa alama: 4 au 4.5 ni njema, 3.5 ina makovu, na herufi R yaonyesha kwamba iliwahi kuumia na kutengenezwa. Mnunuzi asipoiona karatasi hiyo, ananunua mbuzi gizani. Na hati itolewayo motokaa inapofutwa katika daftari la Japani ili isafirishwe huonyesha kilomita zilizosomwa katika upimaji. Kilomita hizo zilinganishwe na zile zilizo mbele ya usukani.

Lakini motokaa ya mbio iliyotumika ina hatari isiyokuwamo katika motokaa ya kawaida: aliyekuwa nayo kwanza hakuinunua ili aende polepole. Itazamwe kama springi zimebadilishwa ili ikae chini zaidi, kama bomba la moshi si la kiwandani, kama magurudumu yameliwa upande mmoja. Iliyoachwa kama ilivyotoka kiwandani ni bora kuliko iliyopambwa, hata ikiwa iliyopambwa yang'aa zaidi; vyote ving'aavyo si dhahabu. Golf GTI yenye gia za kujibadilisha za klachi mbili za mafuta, zile za gia sita, hutaka mafuta ya gia yabadilishwe kila kilomita 60,000. Mnunuzi aulize hati ya kazi hiyo. Swift Sport ya Japani imeandikiwa petroli ya daraja la juu, na tumbo lake liko sentimita 12 tu kutoka ardhini. Mwanachama aliyehamishiwa wilaya ya mbali ayafikiri matuta ya barabarani na mvua ya masika kabla ya kufikiri mwendo.

Tumefika sasa kwenye kiini cha maneno yetu, nacho si injini wala rangi, ni deni. Wako wasemao, haraka haraka haina baraka. Wengine hujibu, ngoja ngoja yaumiza matumbo. Methali zote mbili ni za kweli, na lililo kati yao ni swali moja: unangoja kwa fedha ya nani? Mtu angojaye kwa akiba yake mwenyewe hapotezi kitu kikubwa. Fedha yake yazidi kukua wakati meli iko baharini. Mtu angojaye kwa fedha ya mkopo huilipia motokaa asiyoipanda. Tuseme karani amekopa shilingi 20,000,000 kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi. Riba ya mwezi mmoja ni shilingi 200,000. Akingoja miezi sita bila kupunguza deni, shilingi 1,200,000 zimekwenda, naye bado apanda daladala. Miezi sita hiyo haimo katika bei aliyoambiwa na muuzaji, wala haimo katika hesabu aliyomwonyesha mke wake.

Tena mtumishi wa Serikali ana mpaka ambao mfanya biashara hana. Makato yake yote hayana ruhusa ya kula zaidi ya theluthi mbili za mshahara. Theluthi moja lazima ibaki mkononi. Akiisha kuijaza nafasi hiyo kwa motokaa, mtoto akihitaji ada ya shule au mzazi akiugua, mlango wa chama cha akiba umefungwa kwake, naye atakwenda kwa wale wakopeshaji wa mitaani wanaoshika kadi ya benki kama rehani. Twajua sote mwisho wa njia hiyo. Kukopa harusi, kulipa matanga.

Na liko kosa jingine linaloonekana mara kwa mara: mtu hutumia fedha yote katika bei ya motokaa na nauli ya meli, akasahau kodi. Mamlaka ya Mapato hutoza kwa thamani inayokadiria yenyewe, si lazima ile iliyoandikwa katika risiti ya mnunuzi. Na motokaa iliyozidi umri uliowekwa hutozwa ushuru wa ziada kwa uchakavu wake. Jirani zetu wa Kenya wameweka mpaka wa miaka minane, na Uganda tangu mwaka 2018 imezuia zilizozidi miaka kumi na mitano. Kwetu mlango haukufungwa, lakini una bei yake. Kikokotoo cha Mamlaka kiko wazi kwa kila mtu. Kitumiwe kabla ya kuagiza, maana motokaa iliyofika bandarini na mwenyewe hana fedha ya kodi huanza kudaiwa ada ya kulala hapo siku kwa siku.

Basi rai yetu ni hii. Mwanachama mwenye fedha yake mwenyewe, akaaye katika mji wenye wakala na vipuri, na aagize mpya na kungoja kwa moyo mkunjufu, akiisha kuandikiana mkataba unaosema amana yake itarudishwa motokaa isipofika kwa wakati. Walio wengi kati yetu, tena hasa wa mikoani, inawafaa zaidi iliyotumika miaka michache, isiyochezewa, yenye karatasi zake zote. Na yule ambaye hawezi kuipata ila kwa kuujaza mshahara wake mpaka ukingoni, mwenzetu huyo twamwambia kwa upendo: nunua ya kawaida kwanza, au usinunue bado. Motokaa ya mbio itakuwako hata baada ya miaka mitatu, tena bei ya iliyotumika huenda ikawa imeshuka.

Na kwa viongozi wa chama chetu cha akiba twaleta ombi moja. Mkopo wa motokaa usitolewe wote kwa siku moja. Utolewe kwa mafungu: fungu la bei motokaa inaponunuliwa, na fungu la kodi meli inapokaribia, ili riba ya kila fungu ianze siku fungu hilo linapotumika. Jambo hili halihitaji sheria mpya, lahitaji kalamu na daftari tu, navyo ndivyo tulivyo navyo. Tunaomba lijadiliwe katika mkutano mkuu ujao, na kila mwanachama mwenye neno la kuongeza au la kupinga aliandike na kulituma kwa Katibu.

Wasalaam.