Leopards ku Moroko: mbele ya kutabiri, hesabu inasema nini?

Kombe la Mataifa ya Afrika, CAN, lilifunguliwa ku Moroko siku ya yenga tarehe 21 Desemba 2025, na fainali ilichezwa tarehe 18 Januari 2026. Hapa Sakania mashindano haya yako na utamu wake, juu ni muji wa mupaka. Mutu anauza asubui kwa franka, mangaribi anahesabu kwacha. Mu familia moja baba anavaa jezi ya Leopards, na mujomba mwenye kuishi Ndola anavaa ya Chipolopolo. Safari hii ekipe zote mbili zilifuzu, na Taifa Stars ya Tanzania ilikuwa pia.

Mu nganda, ku parkingi ya makamyo na mbele ya vibanda vya pari, mazungumuzo ni mawili tu: nani atashinda, na nani ameuzwa wapi kwa bei gani. Ni mazungumuzo matamu, lakini yanakula feza. Kijana anakamata feza ya kazi ya juma nzima, anaweka yote juu ya Leopards, kiisha mechi inaisha 1-1. Ku nyumba bibi anangoja feza ya unga. Njo maana ni vizuri kuangalia hesabu mbele ya kuangalia majina.

Sare 10 mu mechi 15

Mu CAN tano za mwisho zenye Leopards walicheza mbele ya hii ya Moroko, ni kusema ya 2013, 2015, 2017, 2019 na ile ya 2023 yenye ilichezwa mwanzo wa 2024, walicheza mechi 15 za makundi. Walishinda 3, walipoteza 2, na 10 zilitoka sare. Mara tatu, mwaka wa 2013, 2015 na 2023, walitoka sare mu mechi zote tatu za kundi lao.

Mu 2013 zile pointi 3 hazikutosha, wakarudi nyumbani. Mu 2015 zilitosha: Leopards na Cap-Vert walikuwa sawasawa kwa pointi, lakini Leopards walikuwa wamefunga magoli mengi kidogo, wakaendelea mpaka ku nafasi ya tatu. Ku Côte d'Ivoire, mwanzo wa 2024, ikarudia vilevile: 1-1 na Zambia, 1-1 na Moroko, 0-0 na Tanzania. Kiisha wakaitoa Misri kwa penalti 8-7, wakaipiga Gine 3-1, na wakasimamishwa na Côte d'Ivoire 1-0 mu nusu fainali. Walimaliza ku nafasi ya ine. Lakini mu mechi saba zote, walishinda moja tu bila penalti, ile ya Gine.

Mwenye kupenda Leopards alifurahi karibu mwezi muzima. Mwenye kuweka feza juu ya ushindi wao kila siku alipata mara moja tu. Mapenzi na hesabu haviko kitu kimoja, na wenye vibanda vya pari wanajua jambo hilo vizuri kuliko wateja wao.

Majirani nao

Zambia ilichukua kombe tarehe 12 Februari 2012 ku Libreville, kwa penalti 8-7 mbele ya Côte d'Ivoire. Tangu siku ile haijashinda mechi hata moja mu CAN. Mu 2013, 2015 na 2023 ilicheza mechi 9: sare 7, kupoteza 2. Mu 2017, 2019 na 2021 haikufuzu kabisa. Mara mbili, 2015 na 2024, ilikutana na Leopards mu mechi ya kwanza ya kundi, na mara zote mbili ilikuwa 1-1. Mujomba wa Ndola na baba wa Sakania hawajapata bado wa kumucheka mwenzake.

Mbele ya CAN hii ya Moroko, Tanzania ilicheza CAN ya 1980, 2019 na 2023. Mechi 9, sare 3, kupoteza 6, ushindi hakuna. Lakini ile 0-0 yenye ilitoka na Leopards inaonyesha kama haiko tena ekipe ya kupigwa tatu kila siku.

Jina kubwa na miguu yenye kucheza

Watu wengi wanapima ekipe kwa bei ya wachezaji wake. Mwaka wa 2025 ulionyesha namna gani kipimo hicho kinaweza kudanganya. Yoane Wissa aliuzwa na Brentford kwa Newcastle tarehe 1 Septemba 2025, kwa zaidi ya pauni milioni 50. Siku nane kiisha, ku Kinshasa, Leopards waliongoza 2-0 mbele ya Senegal na wakapoteza 3-2. Wissa alifunga goli mu mechi ile, lakini alitoka na goti lenye kuumia. Newcastle ilingoja mpaka Desemba njo imuone ku uwanja. Bei yake ilikuwa juu, lakini Leopards hawakuweza kujenga CAN yao juu ya goti lenye lilikuwa linatoka tu kupona.

Chancel Mbemba ni kinyume. Msimu wa 2024-2025 Marseille ilimuweka pembeni, mwaka karibu muzima bila kucheza. Mkataba ulipoisha alienda Lille bila Lille kulipa Marseille kitu. Kwa soko, bei yake ilikuwa zero. Tarehe 13 Novemba 2025 ku Moroko, mu barrage ya Kombe la Dunia, njo yeye alifunga goli moja lenye lilitoa Kameruni, mu dakika za nyongeza. Siku tatu kiisha, mbele ya Naijeria, walitoka 1-1, na njo yeye alifunga penalti ya mwisho.

Mu mechi ile ile, kocha Sébastien Desabre alimuingiza golikipa Timothy Fayulu karibu na mwisho, kwa penalti tu. Fayulu alikuwa anachezea klabu ya Armenia, inchi yenye watu wengi ku nganda hawawezi kuonyesha ku karte. Alizuia penalti mbili. Kwa vile Leopards wakangojewa ku Meksiko mu Machi 2026, hatua moja mbele ya Kombe la Dunia, lenye inchi ilikuwa haijaona tangu 1974.

Na goli la kusawazisha mbele ya Naijeria lilifungwa na Elia Meschack, mutoto wa Mazembe. Mu CHAN ya 2016 ku Rwanda alifunga mawili mu fainali mbele ya Mali. Njia yake ya kutoka Lubumbashi ilikuwa na ubishi mingi, lakini ku Young Boys ya Uswisi alicheza miaka na kubeba vikombe. Muchezaji wa vile hazungumuziwi sana ku soko, lakini kocha anamujua.

Kuuzwa vizuri ni kuuzwa wapi?

Mbwana Samatta alitoka Simba ya Dar es Salaam mwaka wa 2011, akaingia Mazembe. Wengi walisema kijana anakimbia bahari kwenda porini. Mu 2015 alibeba Ligi ya Mabingwa na Mazembe, mu 2016 akaenda Genk ya Ubelgiji, mu 2019 akawa bingwa kule, mu 2020 akafika Aston Villa. Alipanda ngazi moja moja, na ku kila ngazi alicheza. Ku Villa, kwenye bei na jina vilikuwa vikubwa kabisa, alikaa miezi kidogo tu.

Fiston Mayele alifanya safari ya upande wa pili: kutoka Vita Club ya Kinshasa kwenda Yanga mu 2021. Kuna wenye walisema anashuka. Mu 2023 Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho, Pyramids ya Misri ikamununua, na tarehe 1 Juni 2025 alifunga goli mu fainali yenye ilipatia Pyramids Ligi ya Mabingwa.

Zambia nayo ilifaidika na Lubumbashi. Rainford Kalaba alikaa Mazembe zaidi ya miaka 10. Stoppila Sunzu, mwenye alifunga penalti ya mwisho ku Libreville, alikuwa muchezaji wa Mazembe siku ile. Kombe la Zambia lilipikwa kidogo hapa kwetu, na watu wa Copperbelt hawakatai.

Kwa hiyo swali la kwanza juu ya uhamisho siyo bei. Swali ni: atacheza kila juma? Kocha wa kule anamuhitaji mu nafasi gani? Kiisha kuna swali la tatu, lenye karibu hakuna mutu anauliza: karatasi zake ziko sawa?

Karatasi inashinda mguu

Mwaka wa 2011, Mazembe ilikuwa bingwa wa Afrika mara mbili mufululizo. Iliitoa Simba kwa kuishinda nyumbani na ugenini. Simba ikalalamika juu ya Janvier Besala Bokungu, kama hakuandikishwa sawasawa alipotoka Tunisia. CAF ikaondoa Mazembe mu mashindano. Magoli sita yalifutwa na karatasi moja.

Jambo hili linagusa Sakania kuliko watu wanavyofikiri. Kufuatana na sheria ya FIFA, muchezaji akiuzwa kutoka inchi moja kwenda ingine na mkataba wake bado haujaisha, asilimia 5 ya bei inagawanywa kwa klabu zenye zilimulea kati ya miaka 12 na 23. Kila msimu wa miaka 12 mpaka 15 unapata asilimia 0,25 ya bei. Kila msimu wa 16 mpaka 23 unapata 0,5. Klabu yenye ilimulea mutoto misimu ile ine ya kwanza, akiuzwa siku moja kwa dola milioni moja, iko na haki ya dola 10.000. Kwa klabu ya mutaa, hiyo ni mipira, jezi na safari za miaka.

Lakini haki hiyo inapita mu lisansi. Mutoto mwenye alicheza misimu ine bila kuandikishwa ku federasyo, ku karatasi hakuchezaka popote. Akivuka mupaka na kesho akawa nyota, klabu ya Sakania itabaki na picha tu. Wenye kuongoza klabu ndogo, na wazazi nao, wako na sababu ya kuuliza lisansi ya mutoto mwanzo wa kila msimu.

Kundi D: nini cha kungojea

Leopards walianza na Benin tarehe 23 Desemba, walikutana na Senegal tarehe 27, na walimaliza na Botswana tarehe 30. Mbele ya mashindano haya Benin ilikuwa haijashinda mechi hata moja mu CAN isipokuwa kwa penalti, lakini mu 2019 ilifika robo fainali kwa sare tu. Ekipe mbili za sare zilikuwa zinakutana: mwenye kungojea magoli mengi siku ile angeweza kungoja mpaka usiku. Senegal ilikuwa juu kwa wachezaji na kwa mazoea. Botswana ilikuwa imecheza CAN moja tu, ya 2012, na ilipoteza mechi zote tatu. Njo mechi pekee yenye Leopards walipaswa kushinda bila kujadili.

Hesabu hiyo ilielekea pointi 4 ao 5, na nafasi ya pili. Hata nafasi ya tatu ingeweza kutosha, juu kati ya ekipe sita za tatu, ine zilikuwa za kuendelea. Zambia ilikuwa na Moroko, Mali na Komori. Pale Komori njo ilikuwa mulango wake. Tanzania ilikuwa na Naijeria, Tunisia na Uganda. Mechi ya majirani, tarehe 27 Desemba, ingeweza kumupa ushindi wake wa kwanza.

Mechi ziliweza kuonekana bure ku televizyo ya jirani, hata kwa mutu mwenye hakununua tiketi ya pari. Na Sikukuu za mwisho wa mwaka zilikuwa karibu, unga ulikuwa unapanda bei, na masomo yalipaswa kuanza tena mu Januari mbele ya fainali kuchezwa.