Posa Ikija Pamoja na Barua ya Chuo

 

Leo hatuzungumzi lesi wala shela. Sisi wa cherehani tunasikia mengi chumba cha kupimia, na moja limezidi siku hizi: mtoto wa kike kapata nafasi ya kusoma uhandisi Dar es Salaam, na mwezi huo huo imeletwa posa. Barua mbili, nyumba moja. Ya posa inajibiwa kwa halwa na kahawa, ya chuo inawekwa chini ya godoro mpaka siku za kuripoti zinapita. Maoni yetu ni kuwa barua zote mbili zinaweza kujibiwa, na pa kuzijibia ni pale pale kwenye posa, wazee wakiwa wamekaa. Si baada ya fungate.

Chuo kinachotajwa sana ni DIT, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam. Ni chuo cha umma kilichoanza mwaka 1957, kikawa chuo cha ufundi mwaka 1962, na kikapata jina la sasa kwa sheria ya mwaka 1997. Kipo mjini kabisa, pale Barabara ya Morogoro inapokutana na Bibi Titi Mohamed. (Bibi Titi alikuwa Muislamu, muimbaji wa lelemama aliyekuja kuwaongoza wanawake wa TANU. Anayesema mwanamke hana lake maeneo yale akasome kibao cha barabara.) Aliyemaliza kidato cha nne na hesabu na sayansi zake nzuri anasoma stashahada miaka mitatu, anatoka fundi sanifu, na akitaka anaendelea na digrii. Kuna ujenzi, umeme, mitambo, kompyuta, elektroniki na mawasiliano. Na hapa kwetu ipo Taasisi ya Karume, Mbweni. Anayeipata fani yake hapo ashukuru, kapunguza nauli ya boti.

Sisi tuliishia sekondari na kozi ya ushoni, hatujifanyi wahandisi. Lakini mteja wetu mmoja alitufungulia daftari lake la michoro, kipande cha chuma kimechorwa kwa mbele, kwa ubavuni na kwa juu, vipimo pembeni. Tukacheka. Aliyewahi kukata mkono wa gauni ukakaa begani bila kujikunja ameshaifanya nusu ya fikra ile.

Wanaosema ni kazi ya kiume tunawauliza: pampu ya maji ikiharibika saa nne asubuhi, mume yuko kazini, nani anaingia ndani? Fundi mwanamme anasubirishwa mlangoni mpaka arudi mtu, au anaingia na mke yuko peke yake, na hukumu ya faragha hiyo mnaijua. Tunataka daktari mwanamke atuzalishe, na mshonaji mwanamke atupime kifua, lakini fundi wa umeme anayepita vyumbani kwetu hatujaona haja awe mwanamke. Sisi tunaiona. Mwaka 2008 Unguja ilikaa gizani wiki nyingi, na kuanzia Disemba 2009 tena, kiasi cha miezi mitatu, kwa sababu ya hitilafu ya umeme unaokuja kutoka bara kwa waya wa chini ya bahari. Siku zile mashine za umeme zilifunikwa mashuka, cherehani za miguu zikatolewa uvunguni. Kisiwa kilichopita hapo hakina mafundi wa kuwachezea kwa kuwaacha nusu yao jikoni.

Suala la mavazi ndilo letu hasa. Karakana si pa buibui linaloburura wala mtandio wenye ncha zinazoning'inia. Mashine ya kukereza vyuma inazunguka kwa kasi, ikishika ncha ya nguo inavuta na aliyeivaa. Hapo mwalimu akikwambia jifunge, anakulinda roho. Lakini kujifunga si kujifunua. Ovaroli pana iliyoshonwa kwa kipimo chako, si ya kaka yako iliyopigwa kisu kiunoni, inasitiri. Ndani yake hijabu fupi ya kuvaa kichwani moja kwa moja, isiyotaka pini, ncha zake zote zikaingia ndani ya kola. Na iwe pamba. Vitambaa vile laini vya nailoni na poliesta tunavyovipenda vikipata cheche za kuchomelea vinayeyuka na kuganda kwenye ngozi.

Hofu ya mzazi kuhusu kuvuka bahari si ya kuchekwa. Kabla ya kukata tiketi ulizeni dakhalia kama nafasi ipo kweli, na kama haipo itafutwe nyumba ya jamaa wa kuaminika, Ilala, Magomeni, popote pa karibu. Mtoto asipelekwe kwa bahati nasibu. Ila bahari hiyo hiyo tunaivuka kila mwezi kufuata vitambaa Kariakoo, na hakuna anayetuwekea kikao.

Sasa turudi kwenye posa. Walii wake aseme mbele ya watu: binti yetu anasoma, miaka imebaki kadhaa, anataka kumaliza. Yatajwe mambo kwa majina yake. Nani analipa ada. Ataishi wapi muhula ukiwa unaendelea. Itakuwaje akipelekwa mafunzo ya vitendo kiwandani, na itakuwaje Mungu akijaalia mimba katikati. Yaandikwe, yawekwe sahihi. Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa masharti yanayostahiki zaidi kutekelezwa ni yale ya ndoa. Uzito wa sharti kama hili wanazuoni wameueleza kwa namna tofauti, kwa hivyo shekhe wenu aulizwe kabla ya siku ya nikaha, asije kuulizwa kwenye ugomvi. Na mahari ni haki ya mke mwenyewe. Akiamua kulipia ada badala ya kununua seti ya dhahabu, hakuna wa kumhoji, wala mama yake.

Tunasema haya na yanatugusa mfukoni, maana gauni la tatu la kubadilisha usiku wa harusi ndilo linalotulipia kodi ya duka. Bado tunasema: likiondolewa hilo la tatu ili binti amalize muhula, sisi hatununi.

Na bwana harusi akilikataa sharti? Basi limejulikana mapema, vitambaa bado vizima kwenye mfuko, na wazee wana nafasi ya kuzungumza tena au kuachana kwa heshima.

Wanaotaka hijabu za karakana tunashona. Njooni na ovaroli zenu, tuone kola ilivyo kabla hatujakata.