Usukani Ukijifunga, Gari Haijaharibika

Wasee, leo niwaambie kitu kimoja mapema ndio msome wengine mkijua naenda wapi: usukani ukijifunga na ufunguo ukatae kuzunguka, gari haijaharibika. Iko tu kazini. Muulize fundi yeyote mwaminifu wa Kirinyaga Road ama Kangemi, atakuambia hivyo hivyo.

Iko hivi. Ukichomoa ufunguo, kuna kipini cha chuma kinachosubiri pale chini ya usukani. Usukani ukizunguka kidogo, kinaingia kwenye tundu lake, tak! Hapo hakuna kukata kona tena. Kiliwekwa kwa sababu ya wezi. Mtu anaweza kuvunja dirisha na kuunganisha waya, lakini ataenda wapi na gari isiyogeuka? Ujerumani Magharibi ililazimisha kufuli hii mwaka wa 1961, na Marekani ikaidai kwa magari mapya kuanzia 1970. Kwa hivyo Vitz ama Demio ya buda wako iliyotoka Japan kuwa nayo si maajabu.

Sasa mbona ufunguo unakataa? Fikiria vile watu hubana gari huku mjini, tairi limepinda na limesukuma ukingo wa barabara. Lile tairi linataka kurudi, kwa hivyo kipini kinabanwa. Ukikazana na ufunguo peke yake, utauvunja ndani, na hapo ndio utakuwa na shida ya ukweli.

Dawa yake ni hii. Jaribu usukani pande zote mbili. Upande mmoja utagoma kabisa, mwingine utalegea kidogo. Vuta kwa ule unaolegea, shikilia hapo, halafu zungusha ufunguo polepole. Kama ni gari ya kubonyeza, kanyaga breki, tikisa usukani huku ukibonyeza. Mara nyingi ni sekunde chache tu. Ukijaribu mara kumi na bado, labda ufunguo umelika ama swichi imechoka. Hapo sasa piga simu kwa fundi unayemjua.

Hasira yangu iko hapa: mbona hatufundishwi hii kitu? Shule ya udereva tulilipa. Tukasimama kwa ile bodi ya mji tukisukuma kagari kwenye raundabauti, tukakariri alama zote. Lakini unaweza kupata leseni na hujawahi kuonyeshwa vile usukani hujifunga na vile hufunguka. Si ni mambo!

Na kutojua kuna bei. Rafiki yangu alikwama jioni huko Kilimani. Jamaa akatokea, akafungua bonet, akagusa betri, akapuliza puliza, kisha akaingia ndani na kutikisa usukani. Gari ikawaka. Elfu mbili. Ile bonet ilikuwa sinema tu.

Hiyo ni pesa, na pesa hutafutwa. Kuna mambo mabaya zaidi. Dem amekwama mjini saa tatu usiku, watu watatu wanakuja: "Madam, songa kidogo tukusaidie, leta ufunguo." Pengine ni watu wazuri, Nairobi ina watu wazuri wengi. Lakini kuchagua nani ashike ufunguo wako usiku ni kitu unafaa kufanya ukiwa umetulia, si ukiwa umeshikwa na uoga.

Najua kuna mtu atasema, "Si utaangalia tu YouTube?" Sawa, kama simu iko na chaji na bando. Lakini kuna wakati hauna hata sekunde ya kutoa simu mfukoni. Kuna madereva huzima injini kwenye mteremko ati wanaokoa mafuta. Kwenye mabonde ya Kileleshwa ama Lower Kabete hiyo ni kucheza na kifo. Gari ya manyuali, ukizungusha ufunguo mpaka mwisho na kuuchomoa ikiwa inatembea, usukani unaweza kujifunga kwenye kona ya kwanza. Hapo hakuna fundi wa kukuokoa.

Na kama injini imejizima yenyewe barabarani, usichanganye mambo mawili. Usukani utakuwa mzito sana, lakini haujajifunga. Usiguse ule ufunguo kuuchomoa. Shika usukani kwa mikono miwili, uvute kwa nguvu, kanyaga breki kwa mkanyago mmoja imara bila kupampu, kisha utoke barabarani. Mtu asiyejua tofauti hii anaweza kuachilia usukani akidhani mambo yameisha, na bado gari ilikuwa inageuka.

Kwa hivyo NTSA na shule za udereva, wekeni hii kitu kwenye mafunzo. Sidai kozi mpya. Nusu saa kwenye gari iliyosimama inatosha.

Lakini sisi tusiwangoje. Leo jioni, gari ikiwa imeegeshwa na imezimwa, chomoa ufunguo, zungusha usukani mpaka usikie tak, halafu ufungue. Rudia mara tatu. Kisha mwite mathako na dada yako, nao wajaribu kwa mikono yao.