Gari ya Mbio ya Familia: Igeuze Ndani Nje Kabla Hujaitolea Mahari Yako



Wateja wangu wa nguo za harusi wamebadilika. Zamani bi harusi akija kupimwa alinionesha kwenye simu mshono wa gauni, kisha makochi, kisha mapazia. Siku hizi baada ya mshono inafuata picha ya gari, na mara nyingi gari yenyewe ni Subaru Forester, nyeusi au nyeupe, ina rimu za kung'aa na ile pua juu ya boneti. Fedha anayotaka kununulia ni mahari yake, pamoja na alichokusanya kwenye mchezo na kwenye biashara yake ya udi au mikoba. Swali huwa moja: "Dada, hii haitonisumbua?"

Mimi sioni vibaya mwanamke kupenda gari yenye nguvu. Forester ina nafasi ya watoto nyuma, buti yake inameza majora ya kitambaa na masufuria ya shughuli, imenyanyuka kidogo kwa njia za ndani zenye mashimo, na magurudumu yote manne yanavuta. Ukikanyaga, inaitika. Wanaosema mwanamke atosheke na gari ndogo ya kwendea sokoni, hiyo ndogo waendeshe wao. Lakini maoni yangu ni kuwa gari ya namna hii haihukumiwi kwa jina la kampuni, wala kwa mwaka, wala kwa rangi. Inahukumiwa kwa matunzo ya yule aliyekuwa nayo kabla yako. Gari ndogo ya kawaida inamvumilia mtu mvivu. Gari ya mbio haimvumilii, na uvivu wa mwenyewe wa kwanza unakuja kulipwa na mwenyewe wa pili.

Mimi nimesomea ushoni, umakanika sikuusomea. Haya ya injini nimeyapata kwa mafundi, kwa kuwauliza mpaka wakanichoka. Lakini cherehani imenifundisha jambo moja linalofaa hata gereji: nguo ya mtumba huitazami ikiwa imetundikwa na kupigwa pasi. Unaigeuza ndani nje, unatazama kwapa, bitana na pale mshono ulipowahi kufumuliwa. Kwenye gari, pasi ni polishi na sabuni ya injini. Injini iliyooshwa ikang'aa jana mimi hainifurahishi. Inanifanya niulize ilikuwa inavuja wapi.

Na Forester ina pake pa kuvujia. Silinda zake nne zimelala, mbili kulia na mbili kushoto, hazikusimama kama kwenye gari nyingi tulizozizoea. Ndiyo maana inatulia kwenye kona, kwani uzito wake uko chini. Lakini kwa kuwa zimelala, oili hukaa juu ya mipira na gasketi za pembeni, na zikichoka inadondoka juu ya bomba la moshi. Ukisikia harufu ya oili inayoungua baada ya gari kusimama, umeshajua. Hilo si kubwa, gasketi hizo hubadilishwa. Kubwa ni gasketi ya silinda hedi, ambayo ikiachia, gari inachemsha, na ikichemsha sana hedi inapinda. Hapo ndipo mahari inapokwenda.

Kuna na mkanda wa taimingi. Forester ya kizazi cha pili, iliyoanza mwaka 2002, ilitumia mkanda wa mpira, na utaratibu wake ni kuubadilisha kila kilomita 100,000 hivi, au mapema ikiwa umekaa miaka mingi, kwani mpira huzeeka hata gari ikiwa imesimama. Ukikatika ukiwa njiani, vali na pistoni zinaweza kugongana, na injini ikafa papo hapo. Kuanzia mwaka 2010, zile zisizo na tabo za soko la Japani zilipewa injini mpya yenye mnyororo. Zenye tabo ziliendelea na mkanda mpaka kizazi cha nne kilipotoka mwaka 2012. Kwa hiyo muuzaji akikwambia "mkanda umeshabadilishwa", muulize ulibadilishwa gari ikiwa na kilomita ngapi, na fundi gani, na risiti iko wapi, na kama pampu ya maji ilibadilishwa pamoja nao. Asipokuwa na jibu, hesabu kuwa haukubadilishwa, na gharama hiyo ipunguze kwenye bei.

Ile pua juu ya boneti, kwenye Forester za zamani, ndiyo alama ya tabo, yaani kile kifaa kinachosukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini ili gari iruke. Kifaa hicho kinazunguka kwa kasi kubwa sana na uhai wake ni oili safi. Mwenye gari akichelewesha oili, tabo ndiyo inayoumia mwanzo. Hapa kwetu kuna jambo jengine ambalo watu hawalifikirii. Kisiwa cha Unguja urefu wake ni kama kilomita 85 tu. Gari inakwenda skuli, sokoni, kazini, inarudi. Muuzaji atajisifu kuwa kilomita ni chache, na huenda akawa mkweli, lakini safari fupi fupi haziipi injini nafasi ya kupata moto sawasawa, na oili inachafuka kabla kilomita hazijafika. Usiulize kilomita peke yake. Uliza oili humwagwa kila baada ya miezi mingapi.

Sote tumesomeshwa kisa cha Mtume wetu (S.A.W.) alipopita sokoni, akatia mkono ndani ya fungu la chakula, akakuta chini mna unyevu, na akamwambia mwenye mali kwa nini asiuweke ule unyevu juu watu wauone. Mimi kila nikisimama mbele ya gari inayouzwa nakikumbuka kisa hicho. Gari iliyowashwa na kupashwa moto kabla hujafika ni fungu lililolowa chini.

Kwa hiyo sharti langu la kwanza ni hili: gari niikute baridi. Panga kwenda asubuhi mapema, na mwambie muuzaji asiiwashe. Ukifika, kabla ya salamu kuwa ndefu, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ina moto, uliza kwa nini, na ukipenda rudi siku nyengine. Ikiwa baridi kweli, hapo ndipo pa kufungua kifuniko cha rejeta (ikiwa na moto usikiguse, dada, maji yake yanaunguza uso). Maji yawe masafi na yawe na rangi yake, yasiwe na kutu wala mafuta yanayoelea. Fungua na kifuniko cha oili. Ukiona ute mweupe kama tui, muulize fundi wako, kwani huenda maji na oili vimeonana.

Kisha iwashwe, wewe ukiwa nyuma yake. Moshi wa buluu ni oili inaungua, ama kwenye tabo ama kwenye injini yenyewe. Mweupe mzito usiokwisha, wenye harufu ya utamu utamu, ni maji ya rejeta yanaungua. Mweusi ni petroli nyingi. Sikiliza pia. Injini hizi zikiwa baridi zinaweza kugonga kidogo, tok tok, na sauti ikapotea zikipata moto. Mafundi wengi wanasema hiyo inavumilika. Sauti nzito inayotoka chini na kuzidi kila ukikanyaga mafuta haivumiliki, na gari hiyo iache hata ikiuzwa nusu bei. Iache iunguruma pale pale dakika 20, huku mkitazama kijidumu cha akiba ya maji. Mapovu yakitoka mfululizo, gasketi ya hedi imeshaanza.

Mteja wangu mmoja hakupewa nafasi hiyo. Alipelekewa gari mpaka mlangoni kwao, inanguruma, imeshapata moto, dalali ana haraka ya kuwahi mteja mwengine. Miezi miwili baadaye ilichemsha njia ya Paje, yumo yeye na mama mkwe wake. Dalali simu yake haikuwa inapatikana.

Mambo ya chini ya gari nitayapitia haraka, kwani fundi wako ndiye atakayelala uvunguni. Kutu ndiyo ya kutazamwa, kwani kisiwa hiki chumvi iko hewani, na baadhi ya gari hizi zilitumika sehemu za theluji za Japani, ambako barabara hutiwa chumvi wakati wa baridi. Tairi zote nne ziwe za saizi moja na ziwe zimelika sawa, maana gari inayovuta kwa magurudumu yote inaumia ndani kwa ndani ikivaa viatu visivyolingana. Pata uwanja, kata usukani mpaka mwisho, izungushe pole pole. Ikisita na kukwama kama imefungwa breki, kuna gharama. Ukiwa barabarani sikiliza mlio wa mvumo kutoka nyuma, huenda ni beringi. Na isimamishe uitazame ubavuni, ikiwa imelala nyuma kama punda aliyebebeshwa mawe, jua shokomzoba zimechoka. Baadhi ya Forester zilikuja na za nyuma zinazojinyanyua zenyewe, na hizo bei yake si ya mchezo.

Karatasi nazo zina maneno. Ikiwa gari imeingia karibuni kutoka Japani, iombe karatasi ya mnada. Utakuta daraja yake: 4 na zaidi ni nzuri, 3.5 ni ya wastani, na herufi R inamaanisha iliwahi kugonga ikatengenezwa. Utakuta na mchoro wa gari wenye herufi: A ni mchubuko, U ni mbonyeo, W ni pahala palipotengenezwa, S ni kutu, na XX ni kipande kilichobadilishwa kizima. Namba ya chesisi kwenye karatasi, kwenye kadi na kwenye gari yenyewe ziwe moja. Cheti cha kuitoa gari Japani nacho huandikwa kilomita ilizokuwa nazo. Kilinganishe na dashibodi. Kilomita zikiwa zimepungua badala ya kuzidi, hakuna haja ya maelezo.

Na gari ya kijana aliyebadilisha bomba la moshi, akatia kile kidude cha kupuliza "pshii" kila akiachia mafuta, mimi siinunui. Kijana anaweza kuwa na adabu zote na akaswali safu ya mbele, lakini gari yake imeshakimbizwa. Bora ya mwalimu mtu mzima, yenye michubuko ubavuni na daftari la gereji.

Ukiniuliza mimi, bi harusi ambaye mahari ndiyo akiba yake yote achukue isiyo na tabo, ikiwezekana yenye mnyororo, na asimalize fedha yote kwenye bei. Bakisha ya oili, tairi na dharura ya miezi ya mwanzo. Yenye tabo ni ya mwenye kipato cha kuihudumia kila mwezi, na kabla ya kuichukua, soma ndani ya mlango wa tangi ni petroli ya aina gani inayotakiwa. Maandishi huwa ya Kijapani, yapige picha simu iyatafsiri. Zile za tabo hutaka petroli ya daraja la juu.

Nenda na kaka yako au mume wako, ni vizuri na ni sitara. Lakini fundi awe wa kwenu, asiwe rafiki wa dalali, na maswali uyaulize wewe. Utaona muuzaji anamjibu kaka huku wewe ndiye uliyeuliza. Muulize tena. Mahari ni haki yako, Suratun Nisaa imelisema hilo mwanzoni kabisa, basi na kadi ya gari iandikwe jina lako.

Kwa sheria yetu, mnunuzi aliyefichwa aibu ya kitu ana haki ya kukirudisha. Lakini kumpata muuzaji aliyeshatumia fedha ni shughuli nyengine. Kwa hiyo kabla ya kulipa, aandike alichokisema kwa mdomo: kilomita, mkanda ulibadilishwa lini, iliwahi kugonga au kuchemsha au la. Atie saini mbele ya mashahidi wawili. Kama mnalipana kwa awamu, kuandikiana ndiyo amri ya aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara. Wapo wauzaji watakaoandika bila ya kusita, na wengine watataja kasoro ambayo hukuiona. Wapo watakaocheka na kusema, "Dada, huniamini?" Kwa huyo wa pili, mwambie fundi wako afunge boneti, muondoke.