Mtoto Huyu si Mkaidi

Ndugu msomaji, leo nakuomba ulipime neno moja: mkaidi. Mkaidi ni mtu anayeonywa, naye akakataa kwa hiari yake. Basi mtoto anayenawa mikono mpaka ngozi ikachubuka, au anayefuta na kuandika upya sentensi ileile huku akilia, ana hiari gani? Huyo ni mgonjwa. Mawazo ya kutisha yamemganda akilini, na kitendo anachokirudia humtuliza kwa kitambo tu. Kumwita mkaidi ni kukosea lugha; kumchapa viboko ni kumdhulumu.

Wapo watakaonijibu: samaki mkunje angali mbichi. Sawa, lakini kumkunja si kumvunja. Fimbo humzidishia hofu, na hofu ndiyo chakula cha maradhi haya.

Wala usidhani kwamba huruma tupu yatosha. Mzazi anayemhakikishia mwanawe mara kumi kwamba mlango umefungwa humpa nafuu ya dakika chache. Kisha swali hurudi na nguvu mpya.

Tiba ipo. Mwaka 1966, Victor Meyer, mwanasaikolojia aliyefanya kazi London, alieleza njia ya kumkabilisha mgonjwa na anachokiogopa huku akijizuia kutenda kile kitendo cha kujituliza. Siku hizi mtoto hupanda ngazi hiyo kwa ridhaa yake, hatua kwa hatua: leo ashike kitasa cha mlango, achelewe kunawa, kesho achelewe zaidi, hadi ajionee kwamba hofu hupungua yenyewe. Mwaka 2004 ulitolewa utafiti wa Marekani uliohusisha watoto na vijana 112. Baada ya wiki 12, maradhi yalikuwa yamekwisha au kubaki kidogo sana kwa takriban 39 katika kila 100 waliopata tiba ya kisaikolojia peke yake, 21 waliopewa dawa ya sertralini peke yake, na 54 waliopata zote mbili. Waliopewa vidonge visivyo na dawa hawakufika hata 4.

Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unamtambulia mtoto haki ya kutibiwa. Kwa hiyo, wewe utakayekuwa mwalimu au mzazi kesho, weka fimbo chini, umpeleke mtoto kwa mtaalamu. Na ukisikia akiitwa mkaidi, sahihisha neno hilo papo hapo.